Mama na Kipigo cha Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyasikia kwa miaka mingi, mengi yake kwenye vikao vya vikoba, hesabu zikishafungwa, wenzake wakitoka na mmoja akabaki nyuma akijifanya anakunja khanga. Nimeyaandika karibu na jinsi yalivyoulizwa. Mambo ya sheria yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake na mahakama za kadhi.

Ukatili ni ukatili. Kwa nini mnautenga ukatili anaofanyiwa mama?

Kwa sababu mtoto hubadilisha kila kitu. Msichana asiye na mtoto akipigwa, watu wengi humwambia aondoke. Akishajifungua, watu wale wale humwambia atulie, ana mtoto sasa. Mtoto ambaye angepaswa kuwa sababu ya kumlinda anageuzwa kuwa kamba ya kumfungia. Mpigaji naye anaijua kamba hiyo vizuri: "Nenda, lakini mtoto unamwacha." Sisi tunaojiita wafeministi tunasema umama ni kazi na ni uhusiano, na wala haukuwahi kuwa kibali cha mtu mwingine kukuumiza.

Mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono. Mbona naogopa akirudi?

Mwili wako unajua jambo ambalo bado hujalipa jina. Ukatili wa nyumbani ni mtindo wa kumtawala mtu kwa hofu, na kofi ni njia mojawapo tu. Mwingine huacha matumizi ya siku moja kila siku, ili kesho uombe tena. Mwingine huficha kadi ya kliniki ya mtoto, huchukua simu yako na kusoma kila ujumbe, hukutukana mbele ya watoto hadi nao wanaanza kukujibu kwa maneno yake. Kutishia kumchukua mtoto ni ukatili. Kukulazimisha kuzaa wakati hutaki ni ukatili. Kukuzuia usirudi kazini baada ya likizo ya uzazi, kisha kukuita mzigo, nao ni ukatili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe, inapotaja mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika, inataja ukatili wa mwili na wa akili pia. Kwa hiyo usisubiri jeraha ili uaminike.

Nivumilie kwa ajili ya watoto?

Hakuna swali nililolisikia mara nyingi kama hili, na mara nyingi halina hata alama ya kuuliza: "Navumilia kwa ajili ya wanangu."

Hebu tuangalie nani anaambiwa avumilie. Mtoto ana wazazi wawili. Sijawahi kuhudhuria kikao cha familia ambapo mwanaume aliwekwa mbele ya wazee akaambiwa, "Baba, acha kupiga kwa ajili ya watoto." Mtoto ni wa wote wawili, lakini gharama ya kumlea katika nyumba ya kipigo anadaiwa mmoja. Unyagoni na kwenye kicheni pati bibi harusi hufundishwa kufunika kombe na kutunza siri ya chumbani. Hayo mafunzo yana mengi mazuri, nami nimeyapitia na nawaheshimu somo zangu. Ila wamtafute na yule kijana anayeoa, naye akalishwe kitako. Bila hivyo tunamfundisha mmoja kustahimili kile ambacho mwenzake hajafundishwa kukiacha.

Sasa watoto wenyewe. Mtoto wa miaka sita aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena. Binti anajifunza kutambua kwa mlio wa funguo kama leo ni siku mbaya. Kijana wa miaka tisa anasimama mlangoni pa chumba cha mama yake akiwa ameshika mwiko, akidhani atamwokoa. Nimekaa na mama wa mtoto wa namna hiyo. Alilia zaidi kwa ajili ya ule mwiko kuliko kwa ajili ya mbavu zake. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto wanaokua wakiona mama akipigwa wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupiga au kupigwa ukubwani. Wapo wengi wasiofuata njia hiyo, hasa wakiwa na mtu mzima mmoja wanayemwamini. Lakini ile hoja kwamba watoto wanafaidika mama akikaa haina miguu ya kusimamia.

Hata hivyo simwambii mtu yeyote aondoke usiku huu kwa sababu mimi nimesema. Wakati wa kuondoka, na miezi inayofuata, ndipo wanawake wengi huumizwa vibaya kuliko wakati wowote. Mpigaji anayehisi mamlaka yanamtoka huwa mtu wa hatari. Kwa hiyo mimi hutofautisha kukaa kwa kuvumilia na kukaa kwa kujipanga. Kwa jirani anayetazama dirishani vinafanana kabisa. Ndani ya mwanamke ni vitu viwili tofauti.

Kujipanga kukoje?

Nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa: vipigwe picha au vipelekwe kwa mtu ambaye mumeo hamfikirii. Hela ya upatu isipite kwenye simu anayoikagua. Chagua nyumba moja utakayokimbilia, na uwaambie wenye nyumba mapema. Mfundishe mtoto mkubwa aende kwa jirani gani kelele zikianza, na umwambie wazi kwamba kazi yake si kuamulia. Ugomvi ukianza usikimbilie jikoni, kwenye visu na mafuta ya moto. Sogea karibu na mlango.

Na usimwambie mumeo kwamba unaondoka. Najua tumelelewa kuaga. Hapa usiage.

Nina mimba. Nilidhani atanionea huruma.

Wengi hudhani hivyo. Kwa baadhi ya wanawake mimba ndiyo inayofungua mlango wa kipigo, kwa wengine inakiongeza. Mwanaume aliyezoea kuwa kitovu cha nyumba anaona umeanza kumhudumia mwingine kabla hata hajazaliwa. Kipigo katika ujauzito kinahusishwa na mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo, na mama kutokwa damu. Mwambie mkunga. Kliniki ni mojawapo ya sehemu chache unazoweza kwenda kila mwezi bila kuulizwa unakwenda wapi. Kama mumeo anakusindikiza hadi ndani, mwambie nesi unahitaji kupimwa mkojo, kisha zungumza naye huko mbali na masikio yake. Na manesi watakaosoma hapa, nawaomba: michubuko kwenye tumbo na mapajani haitokani na kuanguka bafuni mara tatu katika mimba moja.

Lakini mume si ana haki ya kumrudi mke wake?

Hana. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba hata kama kuna mila inayosema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Hiyo ni sheria ya 1971, iliyopitishwa na Bunge letu wenyewe miaka kumi baada ya uhuru. Bibi wengi wanaotuambia "sisi tulipigwa tukanyamaza" walikuwa tayari wanalindwa nayo, ila hakuna aliyewaambia.

Mpigaji anaweza pia kushtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu kama mtu mwingine yeyote aliyeshambulia na kudhuru mwili. Tatizo letu Bara ni kwamba hatuna sheria moja mahsusi ya ukatili wa majumbani. Uganda wanayo tangu 2010, Kenya tangu 2015, na huko mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi ya kumzuia mpigaji asimkaribie mama na watoto. Sisi tunaokoteza kifungu hapa na pale katika sheria mbalimbali. Tumedai sheria hiyo kwa muda mrefu na tutaendelea kudai.

Na akinilazimisha kitandani?

Hapa sheria yetu imetuangusha, na nitasema bila kuzunguka. Kanuni ya Adhabu ya Bara inamtambua mume kuwa amembaka mkewe pale tu wanapokuwa wametengana. Mkiwa mnaishi pamoja, kosa hilo halimgusi. Kuumizwa kwenyewe, vitisho na vipigo vinavyoambatana na jambo hilo bado ni makosa, na bado ni ukatili unaoweza kuupeleka mahakamani ukidai talaka. Na hospitali haitakuuliza cheti cha ndoa: kama una hofu ya kuambukizwa Virusi vya UKIMWI, fika ndani ya saa 72 upewe dawa za kinga. Kila saa unayowahi ina faida.

Nikiondoka, atachukua watoto? Alilipa mahari yote.

Mahari haikununua watoto. Katika makabila mengi yanayohesabu ukoo kwa baba, wazee husema "watoto ni wa kwetu", na mwanamke anaondoka na mfuko wa nguo huku titi likivuja maziwa. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na ni mojawapo ya mambo yaliyonifanya nisiache kazi hii.

Mahakama huangalia kwanza masilahi ya mtoto. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema inachukuliwa kwamba ni vyema mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama yake, isipokuwa kama kuna ushahidi wa kuonyesha vinginevyo. Mtoto anayeweza kujieleza husikilizwa matakwa yake. Mila nazo zinatajwa katika kifungu hicho, lakini zinakaa chini ya masilahi ya mtoto. Miaka 7 si tarehe ya kumkabidhi baba mtoto kama mzigo uliofika bandarini. Baada ya hapo mahakama hupima tu bila kuanza na upande wa mama.

Kama ameshawachukua kwa nguvu, nenda Ustawi wa Jamii wa wilaya yako haraka, usisubiri kikao cha ukoo cha mwezi ujao. Muda unavyokwenda, ndivyo anavyojenga hoja kwamba watoto wamezoea kule.

Sisi hatujafunga ndoa, tumeishi tu pamoja. Nina haki gani?

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi, mkajulikana kuwa mume na mke, mnachukuliwa kuwa na ndoa, ingawa mwenzako anaweza kuleta ushahidi wa kupinga. Hata dhana hiyo ikipingwa na kuanguka, mahakama ina uwezo wa kuamua juu ya matunzo na watoto. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haibagui mtoto kwa sababu wazazi hawakwenda bomani, msikitini au kanisani. Baba ana wajibu wa kumtunza.

Sina kazi. Nitakula nini?

Swali hili lina uzito kuliko mengi ya kisheria, na wanaowauliza wanawake "mbona hukuondoka?" aghalabu hawajawahi kuondoka mahali na watoto watatu na shilingi elfu nne.

Kwanza, kauli "sina kazi" tuisahihishe. Umepika, umefua, umeteka maji, umelea, umeuguza mkwe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kama mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Kabla ya hapo kulikuwa na majaji waliosema mke wa nyumbani alikuwa anatimiza wajibu wake tu na hastahili kitu. Jina la mama huyo lingestahili kufahamika kama majina ya viongozi tunaowakariri shuleni. Kesi za mgawanyo bado ni ngumu, na majaji hutofautiana sana katika kiasi wanachotoa. Ila msingi upo: hukuwa mgeni katika nyumba ile.

Pili, matunzo ya watoto hayasubiri talaka. Unaweza kuanzia Ustawi wa Jamii, mkashindwana ukaenda mahakamani.

Tatu, msaada wa kisheria wa bure upo. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamefanya kazi hiyo kwa miongo, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi. Uliza ofisi ya kata au wilaya, mara nyingi yupo mmoja karibu kuliko unavyodhani.

Nimepigwa sasa hivi. Nianzie wapi?

Toka kwanza kwenye hatari. Kama unavuja damu sana, unashindwa kupumua vizuri au una mimba, nenda hospitali moja kwa moja, mambo ya polisi yatafuata. Kama amekukaba shingo, nenda hata usipoona alama. Kukabwa kunaweza kuua baadaye, na aliyekukaba mara moja ni mtu wa kuogopwa sana.

Ukiweza kupita polisi kwanza, omba fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako, na uulize Dawati la Jinsia na Watoto, ili uongee na askari aliyefunzwa kwa kazi hiyo badala ya kusimulia kaunta mbele ya watu. Hospitali kadhaa zina Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi, ushauri na ustawi wa jamii vinapatikana mahali pamoja. Daktari aijaze PF3 kwa ukamilifu, na uhakikishe ameandika kila jeraha. Piga picha za majeraha siku hiyo na baada ya siku mbili, maana michubuko hukolea rangi baadaye. Nguo iliyochanika usiifue.

Mtoto akiwa ameumizwa au yuko hatarini, namba 116 ni ya bure, Bara na Zanzibar.

Askari akikuambia "haya ni mambo ya ndani, nendeni mkayamalize", muulize jina lake na umwombe mkuu wa kituo. Inachosha, najua. Nenda na mtu.

Lazima nipite Baraza la Usuluhishi kabla ya talaka?

Kwa kawaida ndiyo, na baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati yake ya kwenda mahakamani. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kina mianya, ukiwemo wa mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Mwambie anayekusaidia aangalie hilo kama maisha yako yako hatarini. Kumkalisha mwanamke meza moja na aliyemvunja mkono, kisha kumuuliza "wewe ulimfanyia nini?", hakustahili kuitwa usuluhishi.

Mama yangu mzazi ananirudisha kila nikikimbia. Inauma kuliko kipigo.

Inauma kweli. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa Tanzania wa 2015–16 uliwauliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu yoyote kati ya tano. Wanawake 58 kati ya 100 walikubali angalau sababu moja. Wanaume walikuwa 40. Na mojawapo ya zile sababu tano ilikuwa mke kutojali watoto. Yaani hata kiboko chenyewe tumekivalisha nguo ya umama.

Watu hutumia takwimu za namna hii kusema adui wa mwanamke ni mwanamke. Mimi nasoma kitu kingine. Mama yako alipopigwa hakuwa na pa kwenda, na ili aamke kesho yake akapike alilazimika kuamini kwamba kuna maana katika kuvumilia. Ukiondoka wewe, unamwambia bila kukusudia kwamba naye angeweza. Ni kubwa hilo kwa mwanamke wa miaka sitini. Mpe muda, mpende, lakini usimwachie uamuzi. Tafuta mtu mwingine katika familia: mjomba, shangazi, dada wa mama. Mara nyingi yupo mmoja aliyekuwa anangoja umwambie.

Ufeministi si mambo ya Wazungu?

Siti binti Saad hakuwa Mzungu. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, Zanzibar, aliimba hadharani kuhusu mwanamke mjamzito aliyeuawa na mwanaume aliyetoroka, huku wanawake waliotoa ushahidi wakiishia kuadhibiwa wao. Bibi Titi Mohamed hakungoja kitabu cha nje ili apite nyumba kwa nyumba kuwahamasisha wanawake wa Dar es Salaam miaka ya 1950. Neno lenyewe ni la mkopo, kama meza na shule. Madai ni ya kwetu.

Dini yangu inaniambia nitii.

Zungumza na kiongozi unayemwamini, na uchague vizuri. Muislamu atakumbuka riwaya ya Bi Aisha kwamba Mtume hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Mkristo atakumbuka kwamba waraka ule ule kwa Waefeso unaowaambia wake watii unawaamuru waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Aya zinazosomwa kwa mke peke yake zimesomwa nusu.

Mbona hamuwataji wanaume wanaopigwa?

Wapo, na kifungu cha 66 kinawalinda vilevile kwa kuwa kinasema mwenzi. Dawati la Jinsia litawapokea.

Nampiga mwanangu nikiwa na hasira za baba yake. Mimi ni mama mbaya?

Asante kwa kuuliza, kwa sababu sisi wanaharakati tumelikwepa swali hili tukiogopa litatumika dhidi ya kina mama. Mtoto anayepigwa na mama haumii kidogo kwa sababu mama naye anapigwa. Ukweli huo hauna njia ya mkato. Ukweli mwingine ni kwamba mtu asiyelala, anayeishi akisikilizia mlango, ana uvumilivu mdogo kama sukari ya mwisho kwenye kopo. Kilio cha mtoto kinamtisha kwa kuwa kinaweza kumwamsha baba, na anamnyamazisha kwa mkono ili wasipigwe wote wawili. Nimesikia akina mama wakilieleza hivyo hivyo.

Mwombe mtoto msamaha kwa maneno. Haikupunguzii heshima. Mwambie hasira zile hazikuwa zake. Tafuta mtu wa kumkabidhi mtoto kwa saa moja unapohisi unachemka: jirani, dada, bibi. Na uombe msaada kwa ajili ya kipigo unachopokea wewe, kwa sababu kufundishwa malezi bora ndani ya nyumba inayowaka moto hakumfikishi mtu mbali.

Mimi ni jirani. Nasikia kila usiku.

Gonga mlango ukaombe chumvi. Mara nyingi inatosha kukata pigo la usiku huo, ila usiende peke yako. Kesho yake, mumewe akiwa hayupo, mwambie mama huyo maneno machache: "Nilisikia. Mlango wangu haufungwi." Usimuulize alikosa nini. Usimwahidi kitu usichoweza. Pale mume anapotishia kuua, mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi bila kungoja ruhusa ya mtu.

Niliondoka, nikarudi. Sasa naona aibu kuomba msaada tena.

Alikubembeleza, au mtoto aliugua, au kodi ilikushinda, au ulimkumbuka tu. Wengi huondoka mara kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja, na kila safari walijifunza kitu: nani alifungua mlango, nani alinuna, nauli ni kiasi gani, cheti kipi walikisahau. Rudi kwa yule yule aliyekupokea. Kama alikuambia usirudi tena kwake, nenda kwa mwingine, nenda Dawati, njoo kwenye kikao siku ya Jumamosi ubaki nyuma kidogo ukikunja khanga.